Diski ya Haraka

Kabla hajaolewa, Bharti alikuwa dereva. Aliendesha Isuzu ya baba yake, muuza mabati wa Tanga, akipeleka mzigo Korogwe, Lushoto, hata Handeni wakati barabara ilikuwa bado ya vumbi. Wenye malori walimzoea. Wakimwona pale Segera, msichana wa Kihindi na nywele zake zimefungwa kitambaa, walimpigia honi, naye akawajibu kwa taa. Halafu akaja Dar kuolewa na Harshad, mwenye duka la vitambaa Kariakoo, na tangu hapo maisha yake yakawa ghorofa ya tatu, Upanga.

Waliomfahamu miaka hii ya karibuni hawayajui hayo. Wao wanamjua kama mkwe wa Ba, basi.

Ba ni mama yake Harshad. Ndivyo Wagujarati wanavyomwita mama, na jengo zima lilimwita hivyo. Ugonjwa wa kusahau ulimwanza taratibu, kwa funguo na majina ya majirani, kisha ukachukua kila kitu. Alificha chapati chini ya mto. Alishuka ngazi akiwa na gauni la kulalia, anakwenda sokoni Lindi, mji aliokulia. Wasichana wawili waliletwa kumsaidia. Wa kwanza aliitwa mwizi mpaka akakimbia, wa pili aliondoka analia.

"Mama hakubali mkono wa mtu mwingine," Harshad akasema. "Wewe amekuzoea."

Ikawa hivyo. Bharti alimwogesha, alimlisha, alimbadilisha nguo, alimrudisha kitandani, na kesho yake akaanza upya. Hekaluni hakwenda tena. Harusi za watu alizisikia kwa ngoma tu, kupitia dirishani. Akina mama wa jumuiya walimwambia kumhudumia mama mkwe ni baraka kubwa. Waliyasema hayo kwa simu.

Mtoto wao wa pekee, Bhargav, yuko Kanada. Alipoondoka aliacha chumbani kompyuta yake, usukani wa plastiki wa kubana mezani, na gemu moja ya kuendesha malori. Siku moja Bharti alikuwa akipangusa vumbi, akaushika ule usukani kwa mikono miwili. Akakaa nao hivyo kitambo. Kisha akavuta kiti.

Barabara za gemu ile zilikuwa za Ulaya, lakini yeye alizipa majina yake mwenyewe. Mzunguko wenye kituo cha mafuta ulikuwa Chalinze. Mlima wenye kona ulikuwa njia ya Lushoto. Tatizo ni kwamba mara chache tu alifika huko. Ba alisinzia mchana baada ya kula, usingizi mwepesi wa kuku, na huo ndio ulikuwa muda pekee wa Bharti. Kompyuta nayo ilikuwa na hadidiski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka ndani, na ilikoroma kama mtu mwenye pumu. Bharti alikuwa akibonyeza gemu, anakwenda jikoni, anachemsha chai, anaichuja, anarudi na kikombe, na bado ule mstari wa kulodi unatambaa. Lori likitokea, mara nyingi hata hajatoka getini, anasikia kutoka chumba cha pili:

"Bharti! We Bharti! Nani kaniibia miwani yangu?"

Miwani ilikuwa usoni kwake. Akirudi kutoka kumtuliza, muda umekwisha, wa kupika umefika.

Akampigia Bhargav.

"Mami, unacheza gemu yangu?" Bhargav alicheka mpaka akakohoa. Aliposikia mama yake hacheki, akaacha mzaha. "Shida ni hiyo hadidiski. Nunua SSD, diski ya haraka, uhamishie gemu huko. Itafunguka kabla hujakaa vizuri."

Jioni Bharti akalitaja jambo hilo mezani. Harshad ni mfanyabiashara, akalipima kibiashara.

"Kwa bei ya hiyo SSD unapata hadidiski mpya yenye nafasi mara nne. Unaweka picha za harusi, video za ibada za puja, kila kitu. Kwa nini ununue kidogo kwa bei ya kikubwa?"

"Sitaki nafasi."

"Sasa unataka nini?"

Bharti alichukua kitambaa. Akamfuta Ba kidevu.

Wiki iliyofuata alimwomba jirani yake, Rinkal, akae na Ba mara moja. Akalifunga kasha la kompyuta kwenye shuka, akalipakia kwenye bajaji, wakapita Mnazi Mmoja kuingia Kariakoo. Ilikuwa zamani mno tangu afike huko. Jua, kelele za wauza chaja, wabeba mizigo wakipiga kelele "pisha, pisha", watu wakimkumba begani. Akajikuta anatabasamu peke yake kama mtu aliyetoka kulazwa. Mtaa wa Aggrey, kwenye duka jembamba lililojaa nyaya mpaka darini, alimkuta fundi Hillary, Mchaga mpole wa Marangu.

"Shikamoo, mama. Karibu. Mashine imefanyaje?"

"Marahaba. Inachelewa. Nataka kuweka gemu, lakini mzee anasema ninunue hadidiski kubwa, mtoto anasema SSD."

"Gemu ya wajukuu?"

"Yangu."

Hillary alimtazama, wala hakucheka. Akatoa vitu viwili akaviweka kaunta: kimoja kizito kama tofali dogo, kingine chepesi, chembamba.

"Hiki kizito ni hadidiski. Ndani kuna sahani inazunguka na sindano inatafuta. Gemu ina vipande maelfu, kila kipande sindano inakifuata kilipo. Sawa na wewe umwombe mtu kanga moja aliyoifunga katikati ya robota. Ataipata, ila utasubiri. Hii SSD haina cha kuzunguka. Ukiomba, umeshapewa."

"Na gemu yenyewe itakuwa nzuri zaidi?"

"Hapana, nisikudanganye. Ukishaingia ndani, lori ni lile lile, barabara ni ile ile. Unachonunua ni kutosubiri tu. Kama mfuko unaruhusu weka zote mbili, picha huku, gemu huku. Kama ni moja, chagua mwenyewe. SSD hii ni ndogo, usiijaze."

Pesa aliyokuwa nayo Bharti ni ile aliyoibana kidogo kidogo kwenye matumizi ya nyumbani. Ilitosha moja.

"Nipe ya kutosubiri," akasema.

Akangoja Hillary akihamisha vitu. Alipomaliza, alimwashia palepale. Bharti alibonyeza, akageuka kutafuta kiti, na alipogeuka tena lori lilikuwa limesimama barabarani, injini inanguruma. Machozi yalimtoka, akajifuta haraka kwa upindo wa sari. Hillary akajifanya anatafuta bisibisi.

Majuma machache ya mwanzo yalikuwa mazuri. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hayakudumu. Ba akisinzia, Bharti alikuwa barabarani papo hapo. Alipita Chalinze yake, alipanda Lushoto yake, alijifunza tena kupunguza gia kabla ya kona. Akirudi jikoni mabega yake yalikuwa yameshuka.

Kisha Ba akaacha kulala mchana.

Daktari hakushangaa. Alisema ugonjwa unasonga mbele, usingizi huvurugika, na hakuna dawa ya kuurudisha nyuma. Alimwandikia ya kutuliza, nayo ikamfanya Ba apepesuke bila kulala. Sasa alitembea nyumba nzima kutwa, akigusa kila mlango, akiuliza mumewe amekwenda wapi, mume aliyekufa zamani. Ukimwambia amekufa analia upya kama habari ya leo. Ukimdanganya anakwenda kumngoja mlangoni.

Hapo ndipo Bharti alipoelewa jambo lililomwumiza kuliko yote. Zamani alikuwa na cha kulaumu. Alikuwa akiitazama ile hadidiski ikikoroma na kujiambia, kama si hii ningekuwa sawa. Sasa gemu ilifunguka mara moja, haikumdai subira yoyote, na yeye hakuwa na hata hiyo mara moja. Hakuna fundi Kariakoo nzima aliyekuwa na kifaa cha kumuuzia.

Akajaribu njia ya mwisho. Akamketisha Ba kando yake, akamfunika shali, akawasha lori.

"Tunaenda wapi?" Ba akauliza.

"Tanga, Ba."

"Nani anaendesha?"

"Mimi."

Ba akatulia. Akatazama miti ikipita. Mara mbili tatu walisafiri hivyo, na mara moja Ba alimshika goti, akamwita beta, kama anavyoitwa mtoto. Bharti alianza kufikiri labda wangeweza kuishi namna hiyo.

Alasiri moja lori liliingia kwenye handaki. Kioo kikawa cheusi, mngurumo ukaongezeka. Ba akapiga ukelele.

"Nishushe! Nishushe hapa! Huyu mwanamke ananipeleka wapi?"

Aliung'ang'ania usukani, akaung'oa mezani. Bharti alipomshika mkono, Ba akamwuma, akakimbia kwa nguvu ambayo hakuna aliyejua anayo, akafungua mlango, akatokea kwenye ngazi akilia kwamba ameibwa. Milango ya majirani ikafunguka. Rinkal akatoka na mikono yenye unga. Kabla hajamfikia, Ba aliikosa ngazi akaanguka, mkono ukiwa chini yake.

Kiwiko cha mkono kilisalimika, lakini mfupa wa juu ya kiganja ulivunjika. Akafungwa plasta. Kila siku alijaribu kuibandua kwa meno.

Harshad hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza. Alikaa sebuleni, vumbi la vitambaa bado liko kwenye mikono ya shati lake, akasema, "Bharti, gemu? Mtu wa umri wako? Mama yangu kavunjika kwa sababu ya gemu?"

"Tafuta mtu wa kunisaidia," Bharti akasema. "Hata siku moja kwa wiki. Harshad, mimi nakwisha."

"Nani atakubali? Tumeshajaribu."

Harshad akaingia kuoga.

Siku chache baadaye alimtuma mtu wa dukani kuichukua kompyuta. Ya dukani ilikuwa imekufa, alisema, na hii imekaa bure. Jioni alirudi amechangamka kidogo.

"Ulichagua vizuri, nakubali. Inawaka hapohapo. Wateja hawangoji risiti tena. Ila ni ndogo kweli. Ile gemu ilikuwa imekula karibu nusu yake. Vijana wameifuta waweke programu ya stoo."

"Sawa," Bharti akasema.

Jumapili Bhargav alipiga simu kama kawaida, akaongea habari za theluji na kodi ya nyumba. Kabla ya kukata akauliza, "Mami, bado unaendesha?"

"Bado," akamdanganya.

"Safi. Umefika wapi?"

Alitaka kumwambia. Lakini chumbani kulikuwa na kishindo, kisha sauti ya Ba, si ya kuita mtu, sauti tu. Bharti akasema atampigia baadaye. Akamkuta Ba amekaa sakafuni katikati ya bakuli la kichri lililomwagika, analamba plasta. Alipiga magoti, akaanza kukusanya wali na dengu kwa kiganja. Ba alimtazama muda mrefu.

"Wewe ni nani?" akamwuliza, kwa adabu, kama mgeni.

Bharti aliendelea kukusanya.