Tangi Chini ya Kiti

Baba yangu alisaga nafaka za watu kwa miaka mingi, kisha akang'oa injini ya mashine yake na kuifunga kwenye boti ya mbao, apate kuvusha watu na mizigo Ziwa Kitangiri. Kule mashineni tangi la dizeli lilikaa juu ukutani, mafuta yakishuka yenyewe. Kwenye boti aliliweka chini ya kiti ili chombo kisiyumbe, na pampu ndogo ikawa inayavuta kupanda. Kwake yeye hilo halikubadilisha kitu.

Asubuhi moja nikiwa likizo nyumbani, simu ilitoka ng'ambo ya ziwa: shangazi amefariki. Ndiye dada pekee wa baba, aliyemlea tangu mama yao alipokufa. Miezi michache nyuma alimwambia mbele yangu, "Siku yangu ikifika, unishushe kaburini wewe mwenyewe." Kwetu Waislamu mwanamke huteremshwa na ndugu zake wa damu. Baba alicheka, akamwambia anywe uji wake.

Mazishi yalipangwa baada ya swala ya alasiri. Barabara ya kuzunguka ziwa ingetufikisha jioni, kwa hiyo tukapanda boti, sisi wawili tu.

Katikati ya ziwa injini ilikohoa, ikazima.

"Imeingiza upepo kwenye mafuta," baba alisema. Akalegeza nati, nikapiga pampu kwa mkono, likatoka povu, kisha dizeli safi. Akakaza. Ikawaka, tukaenda kidogo, ikazima tena. Tulirudia hivyo mara tano au sita. Kila mara baba alipitisha vidole kwenye bomba lote la mafuta akitafuta palipolowa, maana kwenye mashine ya kusaga penye tundu mafuta hudondoka. Pote palikuwa pakavu.

"Hakuna tundu," akasema.

Nilimkasirikia, na sikuwa na haki. Mimi mwalimu wa sayansi mjini, na kazi niliyoiweza pale ni kupiga pampu. Nikashika kasia. Boti ilikuwa nzito, upepo ukaturudisha tulikotoka.

Simu ikalia, mtoto wa shangazi.

"Mjomba, shikamoo. Mmefika wapi?"

"Marahaba. Tuko njiani."

Alipopiga tena alasiri ilikuwa imeshapita. "Mjomba, shehe anasema jua linakwenda. Tufanyeje?"

Baba alitazama mikono yake myeusi kwa dizeli.

"Mshusheni," akasema.

Kwa hasira tu, nililivuta tangi kutoka chini ya kiti nikalipakata, nione kama mafuta yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Tone likaniangukia mguuni. Likafuata jingine, kutoka kwenye kiungo cha bomba ambako wiki ile baba alikuwa ameweka pete ya kuzibia aliyoikata kwenye tyubu ya baiskeli. Tangi likiwa juu, pale palivuja dizeli. Likiwa chini, palinyonya hewa na kubaki pakavu. Baba aliligusa lile tone kwa kidole.

Tukatoa upepo mara ya mwisho. Nililibeba tangi begani mpaka ufukweni, dizeli ikichuruzika kwenye kanga yangu, na injini haikukohoa hata mara moja. Hapo ndipo nilipolia, kwa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Tulikutana na wanaume wakirudi na majembe. Baba aliwaitikia pole zao akapita moja kwa moja hadi kaburini, kando ya shamba la mtama. Mimi nilisimama mbali kidogo, kwa kuwa wanawake hatusogei. Alichuchumaa akaanza kusema kwa Kinyiramba, nami nikadhani anaomba dua.

Alikuwa anamweleza shangazi habari za ile pete. Alimweleza tyubu aliitoa wapi, aliikata vipi, na jinsi alivyolipapasa bomba lote. Akanyoosha vidole vyake juu ya udongo mbichi, kama mtoto anayekaguliwa mikono kabla ya kula.

"Palikuwa pakavu, dada," akasema. "Pote palikuwa pakavu."