Chumvi Iliyompima Mwanangu

Mwanangu wa kike alizaliwa na mdomo wa juu uliopasuka mpaka puani, na ndani ya kinywa kaakaa lake lilikuwa na tundu. Mdomo ulishonwa mapema na daktari Mdachi kwenye boma la Wajerumani la Usumbura. Tuliporudi Rumonge majirani walikuja na vigelegele, wakamtazama, wakasema kazi imekwisha. Niliwaacha waseme. Tundu la kaakaa halikuonekana kwa nje, na watu hawakihurumii wasichokiona.

Mimi nililiona kila alipokunywa, maana maziwa yaliyoingia kwa mdomo yalirudi kwa pua. Nilimkalisha wima mapajani, kijiko cha kibuyu mkono wa kulia, kitambaa mkono wa kushoto chini ya pua yake. Tulianza jua likichomoza, na mpaka tunamaliza wenzetu walikuwa wamekwisha kupika, kula na kuosha vyungu. Husemwa kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Aliyeyasema hayo nadhani watoto wake wote walikuwa na makaakaa mazima.

Daktari alikuwa ametuambia, kupitia mkalimani wake, kwamba kaakaa atalishona mtoto akisha kunenepa. Akiwa mwepesi, dawa ya usingizi ingeweza kumuua. Tena akatuambia kwamba masika yajayo yakiisha yeye anarudi kwao Ulaya, na hajui kama atakayekuja badala yake ataiweza kazi ile. Kwa hiyo nilikuwa na mvua moja tu ya kumnenepesha mtoto ambaye nusu ya chakula chake iliishia kwenye kitambaa.

Mume wangu alikuwa akiuza chumvi ya Uvinza. Palepale bomani alimwomba daktari amwonyeshe mawe ya mizani ya uzito aliokuwa akiutaka, akachukua bakuli letu la mti, akalitia chumvi, akaongeza na kupunguza mpaka likalingana na yale mawe. "Mtoto akilingana na hili, tunamrudisha," akasema. Nilimwona mwerevu kuliko wanaume wote wa pwani ile ya ziwa. Nyumbani alitundika darini mti wenye makapu mawili, na kila Ijumaa baada ya swala mtoto alikaa kapu moja, bakuli kapu la pili.

Sasa niueleze ujinga wetu. Chumvi ya kuuza tuliiweka juu ya meko ili moshi uikaushe, kama afanyavyo kila mwenye chumvi. Ile ya mtoto, machoni petu, haikuwa chumvi tena. Mama mkwe wangu, aliyekuwa mtu wa Ujiji na mwenye kujua adabu ya kila kitu, alisema haifai kuipaka masizi kama bidhaa. Alilifunika bakuli kwa kifuniko cha ukindu, akakifunga kwa uzi asije mtu akachota ya mchuzi, akalisukuma chini ya kitanda changu. Kila Ijumaa tulilitoa na kulirudisha hivyohivyo, bila kulifungua.

Kiangazi mambo yalikwenda vizuri. Jirani yetu Mrundi alikuwa na ng'ombe, akawa akituletea maziwa kwa sharti moja. "Amahoro, mama," alisema siku ya kwanza, bado ameshika kibuyu chake. "Maziwa iko hapa. Lakini usiyatie mu chungu ya samaki. Ng'ombe yangu atakauka." Nilimwapia. Ndagala, dagaa wa ziwa letu, nikazipika mbali, maziwa yakakaa kwenye kibuyu chake peke yake, na kwa ndizi za kupondwa na mawese mwanangu akaanza kujaa mashavu. Kapu lake likawa linashuka kidogo kidogo.

Kisha masika yakaanza. Ijumaa moja kapu la mtoto halikushuka. Iliyofuata likapanda, na lile la chumvi likashuka kama linatucheka. Nikamlisha zaidi. Nikamlisha hata alipogeuza uso, mpaka siku moja akapaliwa, akabadilika rangi, nikamgeuza kichwa chini nikimpiga mgongoni huku nikilia. Alipopata pumzi nilimkumbatia nikaogopa mikono yangu mwenyewe. Niliogopa kwamba nitamuua kwa kutaka apone.

"Haba na haba hujaza kibaba," mama mkwe alinituliza.

"Kibaba hiki kina tundu, mama!"

Sikuwahi kumpandishia sauti kabla ya hapo. Baada ya siku chache akaniketisha kando yake, akasema polepole: "Mutoto iko anarudi nyuma, mwanangu. Usimupeleke kufia mu Usumbura. Acha akae hapa na sisi, tumwachie Mungu." Mume wangu alisikia, akatoka nje. Wapiga makasia waliotoka Usumbura walikuwa wamesema daktari ameanza kufunga masanduku.

Ijumaa iliyofuata sikumpima. Hasira ilinipanda juu ya lile bakuli, hasira niliyokosa mtu wa kumpa. Nililivuta kutoka chini ya kitanda nikatoka nalo mbio kuelekea ufukweni nikalitupe ziwani. Mlangoni niliteleza kwenye tope, bakuli likainama, na maji yakanimwagikia mkono mpaka kiwiko. Nililamba. Yalikuwa machungu kwa chumvi.

Nikakata uzi. Ndani mlikuwa na uji mweupe unaoelea majini. Chumvi ilikuwa imekunywa unyevu wa masika yote chini ya kitanda changu, ikinenepa kila wiki, nami namlaumu mtoto. Nilipiga kelele hata wanaoanika ndagala wakasimama. Mume wangu alikuja, akatia kidole, akaketi palepale topeni. "Chumvi," akasema, kama mtu anayetajiwa jina lake kwa mara ya kwanza.

"Na wewe ndiye muuza chumvi!" mama mkwe akamwambia, naye ndiye aliyeiondoa kwenye moshi. Tulikuja kucheka baadaye sana.

Tuliondoka siku ileile kwa mtumbwi, mvua juu yetu, tukapita Magara, Gitaza na Kabezi bila kushuka ila kulala. Masanduku ya daktari yalikuwa yamepangwa mlangoni. Alimweka mtoto kwenye mizani yake ya chuma, akaongeza jiwe, akaongeza jingine, akakunja uso. Mkalimani akatuuliza kwa nini tumechelewa hivi, mtoto ameupita ule uzito siku nyingi. Mume wangu aliitazama miguu yake mwenyewe.

"Mwambie ni mvua," nikasema.

Alishonwa kesho yake. Siku waliyoniruhusu kumpa maziwa nilimkalisha wima mapajani kama kawaida, kijiko kulia, kitambaa kushoto. Akameza. Nikangoja. Akanitazama, akapiga kijiko kwa kiganja, anataka kingine. Nilimpa kingine, na kingine, mpaka kibuyu kikaisha, na kitambaa bado nimekishika chini ya pua yake, kikavu.