Madoa Meusi kwenye Shuka la Mama

Dada yangu aliyeolewa Mombo aliweka sharti lake mlangoni, mkoba tayari begani: akirudi Jumamosi ya wiki ya pili akakuta tone hata moja la maji kwenye kitanda cha mama, mama anashuka naye. Kifua cha mama kilikuwa kimebana mara mbili kipupwe kile, kwa hiyo sikuwa na la kubisha. Lakini mama hakutaka kushuka. Huku Lushoto, mlimani, ana shamba lake la maharage na wenzake wa msikitini, na joto la Mombo, anasema, humfanya alale kama mgonjwa.

Kosa lilikuwa langu. Miezi miwili kabla ya hapo nilipanda darini, juu ya chumba chake, nikanyunyiza povu upande wa ndani wa mabati ili kuzuia baridi. Kazi hiyo sikuisomea. Nilijifunza kama nilivyojifunza umeme na mabomba, kwa kusoma maelekezo mara tatu na kuandika kwenye daftari. Dawa mbili hutoka katika mitungi miwili, hukutana kwenye mdomo wa bomba, huvimba, kisha hukauka zikawa ngumu kama mkate wa juzi. Mama alihamia chumba cha mbele mpaka harufu ikaisha. Aliporudi, chumba kilikuwa na joto zuri, na nilijisifu kimoyomoyo kwa wiki kadhaa. Kisha matone yakaanza, alfajiri, usawa wa mto wake.

Kwanza nilidhani msumari wa bati umelegea. Siku kavu nikamwaga ndoo sita za maji juu ya paa, nikaingia darini na tochi. Pakavu. Tena nilipopekua daftari, nilimoandika kila siku ya matone, niliona kwamba matone hayakufuata mvua. Yalifuata usiku usio na wingu, wenye baridi kali. Basi paa halivuji. Bati ndilo linalotoka jasho: hewa ya chumbani yenye joto na unyevu inapanda na kulifikia likiwa la baridi. Lakini inapita wapi, na povu limefunika kila mahali? Sikuona ufa wowote. Matone yaliacha madoa meusi kwenye shuka, nami nikaandika: kutu. Bati linaoza nyuma ya povu. Maana yake ni kuezua chumba kizima, kazi isiyoweza kwisha kabla ya dada kurudi.

Alhamisi ya wiki ile ya kwanza nilimkuta mama uani akifua.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Mbona umenuna kama mbuzi aliyenyeshewa?”

“Mabati yana kutu, mama. Itabidi tuezue.”

“Nani kasema kutu?”

“Si hayo madoa ya kwenye shuka?”

Alilikunjua shuka mbele yangu. Lilikuwa jeupe. “Nimefua nguo tangu sijavunja ungo, baba. Kutu haitoki kwa sabuni. Haya yametoka hata sijatia nguvu. Haya ni masizi.”

“Masizi yatoke wapi? Jiko liko nyuma.”

“La mkeo ndilo liko nyuma. Langu lilikuwa hapo ninapolala, chini ya mabati haya haya, wewe hujazaliwa. Mahindi ya mbegu nilikuwa nayaning’iniza juu ya moto, moshi uyakaushe, wadudu wasiyaguse. Ungeniuliza ningekwambia. Ila wewe unauliza makaratasi.”

Nilipanda darini. Nikaliweka povu kiganja, nikasukuma, likacheza. Nikapitisha kisu pembeni, na kipande kikubwa kama sinia kikatoka kizima, mgongo wake mweusi tititi. Povu halikuwa limeshika bati hata siku moja. Lilishika masizi, na masizi yalipoachia, hewa ikapita nyuma yake. Nilifuta sehemu moja kwa kitambaa. Bati lilikuwa zima kabisa. Nilikaa juu ya boriti nikacheka peke yangu, mpaka mama akauliza kutoka chini kama nimeanguka.

Nilibandua povu lote la chumba kile. Nikasugua mabati kwa brashi, maji ya moto na sabuni, Ijumaa na Jumamosi, hadi kitambaa cheupe kikapita bila kuchafuka. Jumapili mchana, jua likiwa limeshapasha paa, nikavaa barakoa na kunyunyiza upya, safari hii kwa tabaka nyembamba. Jumatano mama alirudi chumbani kwake. Usiku wa Alhamisi haukuwa na wingu, wala wa Ijumaa.

Dada alifika Jumamosi na gari la kwanza, kabla jua halijagusa paa. Hata chai hakutaka. Alipapasa mto, akafunua godoro, akatazama dari kwa muda mrefu.

“Pakavu,” alisema, kama mtu aliyenyimwa kitu. Mkononi alikuwa na begi tupu alilolileta kwa ajili ya nguo za mama.

Mama alilichukua, akaingia nalo stoo, akarudi limejaa maharage na kabichi mbili juu yake.

“Haya,” alimwambia, “shuka na hivi.”