Watoto wa Nyuma ya Kabati

Mfagizi wa maktaba alikuwa mama mfupi, vidole vyake vimechujuka kwa sabuni. Kila asubuhi alipangusa mchoro wa ukutani kwa kitambaa kikavu, polepole, kama anayemfuta mwanawe uso. Kisha alijipenyeza nyuma ya kabati la magazeti na kukawia huko. Mkutubi, akidhani anakwepa kazi, siku moja alimfuata.

"Unafanya nini huku, mama?"

"Nawapangusa watoto, bosi. Kabati limewaziba."

Mkutubi akachungulia. Watoto watatu waliochorwa ukutani walikuwa wameinamia kitabu kimoja, bila chembe ya vumbi. Kabati aliliweka yeye mwenyewe, miaka minne iliyopita, bila hata kuutazama ukuta. Uso ukamshuka kwa haya.

"Nisaidie tulisogeze," alisema kwa sauti ndogo.

Mfagizi alijifunga kitambaa kiunoni, akashika upande wake.