Redio Nne za Rangwe

Orpah Kerubo alikuwa amezoea mikono michafu. Kwa miaka sita, kila Jumanne, alizungusha mashine ya stensili mpaka bega likafa ganzi, akatoa karatasi mia mbili za "Bei za Wiki": mahindi ya Migori, dagaa wa omena kutoka Homa Bay, njugu za Rangwe. Kufikia Alhamisi zilikuwa zimebandikwa sokoni. Wino ulimgandia kwenye kucha, naye hakuona haya, kwani wino huo ndio uliomlisha yeye na wanawe wawili tangu mumewe Nyamweya azikwe.

Sasa, mwaka wa 1999, wakubwa wa Kisumu waliokuwa wakilipia karatasi wakanunua kompyuta. Bei zingewekwa kwenye mtandao, dunia nzima izione. Dunia nzima isipokuwa Rangwe, bila shaka. Ndipo Valentine, afisa wao, akamletea Orpah fomu.

"Zunguka boma mia moja," alimwambia. "Uliza nani ako na kompyuta, simu, redio. Tuweke nguvu pale watu wako. Wakiwa na redio, bei zitatoka kwa mtandao zisomwe na redio. Wakikosa, karatasi yako inaendelea. Nakuja Ijumaa."

Yaani alimpa jembe akamtuma achimbe, pengine kaburi lake mwenyewe.

Orpah alivaa sketi ya kanisani, akakumbatia faili, akaanza kubisha hodi. Kompyuta aliikuta moja, ya misheni, imefunikwa kitambaa. Simu tatu. Na redio?

"Hiyo ilikufa kitambo."

"Betri iliisha, dada."

Boma tisini na tisa, redio nne tu. Moyo ukamtulia. Alimshukuru Mungu kwa umaskini wa majirani zake, na nani kati yetu asingefanya hivyo?

Alhamisi jioni alifika boma la mwisho, kwa Marcella, mjane aliyeuza njugu. Naye alisema hana redio. Akampa maji ya kunywa, kisha akaanza kulitazama jua bila utulivu. "Nyar Kisii, binti wa Kisii, si uende nyumbani mapema?"

Lakini miguu ya Orpah ilikuwa imechoka, na maji aliyanywa polepole. Marcella akavumilia, akavumilia, uzalendo ukamshinda. Alitumbukiza mkono ndani ya gunia la njugu akachomoa redio, akaiwasha. Ilikuwa saa ya matangazo ya vifo, na huku kwetu heri mtu akose chakula kuliko akose mazishi.

Sauti ileile ilitoka jikoni kwa jirani, ikatoka kwa fundi cherehani, ikatoka ng'ambo ya barabara. Orpah alitoka mbio. Boma baada ya boma lililomwambia hapana lilikuwa likinguruma. Alihesabu kwa masikio mpaka akapita sitini, kijasho kikimtoka. Akarudi kwa Marcella na hasira.

"Mbona mlinidanganya?"

"Wewe ulikuja na faili. Watu wa leseni ya redio pia walikuja na faili, wakabeba redio ya shemeji yangu kwa kukosa leseni." Marcella aliinamisha kichwa kusikiliza jina la marehemu, halafu akaendelea. "Na hiyo karatasi yako, nyathina, mwanangu, inafika kama mazishi imeisha. Wiki jana niliuza magunia mbili na bei yako. Kumbe bei ilikuwa imepanda tangu Jumatano. Broka aliyenunua alienda akicheka."

Orpah alilifunga faili, akashika njia ya nyumbani.

Ijumaa Valentine alipitisha kidole kwenye fomu. "Redio nne! Sikutarajia. Basi karatasi iendelee." Akatoa kalamu atie sahihi.

 Hakuna aliyejua ukweli pale ila Orpah. Angefunga mdomo tu, wanawe wangekula. Kalamu ikashuka, ikagusa karatasi.

"Ngoja," alisema. "Hiyo si ukweli. Redio zimepita sitini. Nimezisikia."

Valentine alimkazia macho. "Karatasi ikiisha, kazi ni ya mtangazaji, na atasoma na Kijaluo. Unakijua?"

"Cha sokoni tu."

"Basi unajua umesema nini."

"Najua." Alimnyang'anya kalamu, akakata ile nne, akaandika sitini na mbili. 

Miezi miwili baadaye karatasi ilikoma, bei zikaanza kusomwa redioni mara tu baada ya matangazo ya vifo. Broka alipomjia Marcella na bei ya wiki iliyopita, mama huyo aliiweka redio juu ya gunia, wazi kabisa, leseni au hakuna leseni. "Bishana na huyu," alimwambia. Soko zima liliangua kicheko, na Orpah, aliyekuwa akiuza vitunguu hatua chache kutoka hapo, akacheka nao.

Jumanne iliyofuata aliamka alfajiri, akavaa shati lake la kazi, na alipofika mlangoni ndipo akakumbuka kwamba hakuna karatasi tena ya kuchapa. Alirudi akaketi kitandani, akazitazama kucha zake. Zilikuwa safi.