Kanga Zilizochelewa Kukauka

Siku moja ya mafuriko naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Mto Tana ulikuwa umefurika, barabara ya Garsen imekatika, nami nimeshikwa na uchungu wa mimba yangu ya kwanza. Unadhani nilikimbilia hospitali? Nilikuwa nasubiri kanga zikauke.

Cheka tu. Nilikuwa msichana wa hofu. Kusoma nilijifundisha mwenyewe, na tangazo la kliniki nililikariri: mama aje na nguo safi. Nikazifua kwa maji ya matope, nikazifua tena. Niliogopa wauguzi watanisema mbele za watu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu liliuma kweli.

Mama mkwe akanikuta nazikamua.

"We msichana, unazaa au unafungua duka la nguo?"

"Mama, nitaendaje na matope haya?"

Alinijibu aliponiketisha mtumbwini, mwanawe, mume wangu, akipiga kafi.

"Hospitali ile ilikuwa chumba kimoja cha udongo. Wodi ya wazazi tuliijenga sisi. Mchanga tuliuchota mtoni, tukaubeba kichwani, na Waorma, wale wafugaji, wakaleta fahali ili wajenzi wale. Hakuna aliyekuwa safi. Nyumba iliyojengwa na watu wa matope, itakufukuza wewe?"

Tulipofika wodini, mtoto alitanguliza miguu. Muuguzi mwenyewe alikuwa na tope hadi magotini. Nilipoanza kumwomba radhi, akanikatiza: "Dada, radhi baadaye. Sukuma!" Alinambia kesho yake kwamba tungechelewa kidogo tu, mtoto asingepona. Binti yangu alifungwa kanga ya jirani yangu wa kitanda cha pili, mke wa mfugaji. Ilikuwa na harufu ya moshi na maziwa, kama vibuyu vyao. Sijanusa kitu kizuri kuliko kile.

Mwanangu, mficha uchi hazai. Usingoje ukamilike ndipo uombe msaada. Nenda na tope lako, nenda na woga wako, lakini nenda mapema. Kuta zile zina jasho la watu usiowajua. Washukuru kwa kumtunza atakayekuja nyuma yako.

Mungu akufungulie njia mto ukijaa, akupe na mikono ya kukupokea hata siku ambayo hujajiandaa.