Tulipongojea Magari Yenye Chuma

Jumamosi ile mimi na Njoroge tulikuwa Thika, karibu na viwanda, tukila githeri kwenye kibanda. Tulikulia Theta pamoja na jeshini tukaingia pamoja. Yeye dereva, mimi fundi wa magari. Alikuwa akinitania kuhusu viatu vyangu simu zetu zilipolia. Likizo ilikuwa imekatizwa. Tulitakiwa kuvuka mpaka.

Huko vitani tulitumia malori ya zamani, yenye sakafu nyembamba kama sufuria.

Asubuhi moja barabara ililipuka chini ya lori letu.

Mlio sikuusikia. Niliona vumbi, kisha nikahisi mikono ya Njoroge kwapani mwangu, akinivuta.

"Rama, usilale! Niongeleshe!"

Mguu wangu haukupona sawasawa. Nilirudishwa nyumbani Gitothua, na nilipoweza kutembea kwa mkongojo nikaingizwa kwenye timu ya jeshi iliyokuwa ikinunua magari ya kivita kutoka ng'ambo.

Wauzaji walikuwa watu wa adabu. Magari waliyokuwa nayo tayari yangefika upesi, lakini hayakuwa na bamba nene la chuma chini. Yenye bamba yalikuwa hayajaundwa, tungengoja miezi.

"Watu wenu wako vitani sasa," alisema mkubwa wao. "Mtawaambia wangoje?"

Mkuu wetu alinigeukia. Niliomba ruhusa, nikatoka nje, nikampigia Njoroge, aliyekuwa bado vitani, nikamweleza.



"Hayo ya haraka yatatuua tu kama haya. Ngojeni chuma, bana. Sisi tutavumilia."

"Na wewe je?"

"Mimi nitaendesha polepole."

Nilirudi ndani nikasema tungoje. Tulibishana na wauzaji hadi wakakubali gari moja la majaribio lenye bamba lilipuliwe mbele ya macho yetu kabla ya mkataba kutiwa sahihi. Sakafu ilipinda, haikupasuka.

Magari yalikuwa bado baharini Njoroge alipouawa. Alikuwa ndani ya lori la zamani.

Mapya yalipofika, mabomu hayakukoma, ila vijana walikuwa wakishuka kwa miguu yao wenyewe. Nimekutana na baadhi yao Ruiru, wamebeba watoto. Nafurahi. Kisha namkumbuka Njoroge, na njia ya kwenda nyumbani inakuwa ndefu.

Mwezi uliopita nilikwenda Theta kumwona Wambui, mjane wake, mama wa mwanawe Kamau. Alikuwa akichambua maharagwe. Kwa miaka yote hii hakuwahi kuniuliza lolote. Siku hiyo aliuliza.

"Ni kweli yeye ndiye aliwaambia mngoje?"

"Ni kweli."

"Na alijua atabaki kwa lile lori la zamani?"

"Alijua, Mama Kamau."

Aliendelea kuchambua, mkono ukienda taratibu.

"Huyo ni yeye kabisa," alisema. "Najua watoto wa watu walirudi, na namshukuru Mungu. Lakini, Rama, kuna siku natamani angekuwa mchoyo. Hiyo siku moja tu, ulipompigia."

Nilivuta kigoda nikakaa karibu naye, nikamsaidia kuchambua, kwa sababu hata mimi natamani hivyo hivyo.